Papa Simon Kimbangu na mwanzo wa Kanisa: kutoka Nkamba hata Lowa



Vijana wa paruwasi zetu wanatuuliza mara nyingi kanisa letu lilitoka wapi. Wengine wamesikia ya kuwa lilizaliwa katika chuki ya mtu mweusi kwa mzungu. Wengine wanaambiwa ya kuwa ni tawi tu lililovunjika kutoka mti wa misioni ya Wabatisti. Tena, tangu mwaka 2023 tarehe 6 aprili imekuwa sikukuu ya taifa zima la Kongo, na watu wengi hapa Kisangani hufunga duka na kukaa nyumbani siku hiyo bila kujua ni kwa ajili gani. Kwa hiyo tumeona vema kusimulia maisha ya Papa Simon Kimbangu, na kueleza namna habari yake ilivyofika katika nchi hii ya Tshopo. Haikuletwa na mhubiri aliyevaa vizuri na kushika buku mkononi. Ililetwa na wafungwa.

Lakini kwanza turudi Yerusalemu, maana mtu asiyejua Kanisa la mitume lilianza namna gani hataelewa mambo ya Nkamba. Siku ya Pentekoste wale wanafunzi walikuwa watu wapata 120 tu. Hawakuwa na jengo, hawakuwa na muhuri, hawakuwa na barua ya ruhusa kutoka kwa Kaisari. Petro na Yohana walikuwa wavuvi, na sisi wa Kisangani tunajua mvuvi ni mtu gani, kwa kuwa tunawaona Wagenia kila siku pale kwenye maporomoko. Mvuvi hasomi sana, lakini haogopi maji. Walipomponya kiwete mlangoni pa Hekalu, wakubwa wa dini hawakuuliza kama yule mtu amepona kweli. Waliuliza mitume wamefanya hivyo kwa ruhusa ya nani. Nao waliwatia gerezani. Stefano alipouawa kwa mawe, waamini walitawanyika mbali, na waliotawanyika ndio waliolipeleka Neno hata Antiokia, mji ambao ndani yake wanafunzi waliitwa Wakristo mara ya kwanza. Yeyote asomaye kitabu cha Matendo ataona jambo hilo: Roho alishuka kwanza, na mpango wa kanisa ukaja nyuma yake. Ndivyo ilivyokuwa kwetu pia.

Simon Kimbangu alizaliwa Nkamba, katika nchi ya Bakongo, tarehe 12 septemba 1887 kwa hesabu ya kanisa. Baba yake aliitwa Kuyela, mama yake Luezi. Mama alikufa mtoto angali mdogo, akalelewa na shangazi yake Kinzembo. Kwa Kikongo jina la Kimbangu huelezwa kama mwenye kufunua yaliyofichika. Wazee husimulia ya kuwa Mama Kinzembo alimficha mmisionari mmoja Mwingereza aliyekuwa akikimbizwa na watu, naye yule mmisionari akamwombea baraka mtoto aliyekuwa mikononi mwake. Habari hiyo tumeipokea kwa mapokeo, nasi tunaitoa kama tulivyoipokea.

Nchi ile ilikuwa na taabu nyingi. Reli ya Matadi hata Léopoldville, iliyojengwa tangu 1890 hata 1898, ilikula watu. Ugonjwa wa malale ulifagia vijiji. Kisha vita ya 1914 ikaja, na kazi za kulazimishwa, na kodi. Bula Matari alitaka wabeba mizigo, mashamba yalitaka vibarua, na misioni zilitaka wanafunzi. Kimbangu alisoma katika misioni ya Wabatisti wa Uingereza huko Ngombe Lutete, akamwoa Marie Muilu, na wote wawili wakabatizwa siku moja, tarehe 4 julai 1915. Walizaa wana watatu: Charles Kisolokele mwaka 1914, Salomon Dialungana mwaka 1916, na Joseph Diangienda mwaka 1918. Kimbangu alifanya kazi ya kufundisha na kuhubiri katika misioni ile, mtu wa kawaida kati ya watu wa kawaida.

Mwaka 1918 homa kubwa ya mafua iliyoua watu duniani pote ilifika Kongo. Katika siku hizo za vilio, usiku, Kimbangu alisikia sauti ya Kristo ikimwita kuchunga kundi lake. Alikataa. Alijibu ya kuwa hakusoma vya kutosha, ya kuwa wako wachungaji na mashemasi wenye kufaa kuliko yeye. Sauti ilirudi tena na tena, hata akakimbia. Alikwenda Léopoldville kutafuta kazi, akafanya kazi katika kampuni ya mafuta ya mawese, na wasimulizi wanasema alifanya miezi bila kuona mshahara. Tukumbuke Yona aliyepanda merikebu kwenda Tarshishi. Kimbangu hakumezwa na samaki, lakini alirudi kwao mikono mitupu.

Ndugu, tunapenda kukaa kidogo juu ya jambo hili. Siku hizi tunaona katika miji yetu watu wengi wanaoamka asubuhi na kujiita mitume, na kabla ya jua kutua wamekwisha kutundika kibao barabarani. Papa Simon alikimbia wito miaka karibu mitatu. Wala hakuwa na haja ya kibao.

Tarehe 6 aprili 1921, katika kijiji cha Ngombe Kinsuka, alimkuta mwanamke mgonjwa sana aitwaye Nkiantondo. Roho alimsukuma aingie. Akamwekea mikono, akaomba katika jina la Yesu Kristo, na yule mama akapona. Tangu siku ile tunahesabu mwanzo wa kanisa letu.

Yaliyofuata yalikuwa kama mto unaojaa usiku. Watu walikuja Nkamba kwa miguu na kwa gari la moshi, wakibeba wagonjwa wao mabegani. Walitoka hospitali, walitoka mashambani, walitoka misioni za Wakatoliki na za Waprotestanti. Nkamba ikaitwa Yerusalemu Mpya. Kimbangu aliomba, akawekea watu mikono, akasoma Maandiko na kuyaeleza. Alifundisha watu watupe sanamu na dawa za uchawi, mwanamume awe na mke mmoja, na ngoma za anasa ziachwe. Misioni zilikuwa zimeyahubiri mambo hayo hayo kwa miaka 40 na zaidi, na mavuno yalikuwa machache. Sasa watu walileta hirizi zao wenyewe, wakaziacha njiani, bila mtu kuwashika kwa nguvu. Tunaandika hili si kwa kuwacheka wamisionari. Wao walileta Biblia na kufundisha kusoma, na bila Biblia ya Kikongo Papa Simon angehubiri nini? Lakini mti ulipandwa na mmoja, na mvua ilitoka kwingine.

Siku zile waliinuka wengine wengi waliojiita manabii, na si wote walitembea katika njia moja. Wengine waliwaambia watu wasilipe kodi, wengine walitabiri siku ya wazungu kuondoka. Hayo yote yaliandikwa juu ya kichwa cha Kimbangu, ingawa yeye hakufundisha kukataa kodi, wala hakuwatuma watu kupigana. Alitaka jina la Yesu litajwe juu ya kila mgonjwa, wala hakujiweka mahali pa Yesu.

Tarehe 11 mei 1921 mtawala wa wilaya, Léon Morel, alifika Nkamba kujionea. Alikuta watu wakiimba na kuomba, na Kimbangu akasoma mbele yao habari ya Daudi na Goliathi. Morel aliondoka na hofu. Aliona ya kuwa watu weusi wamepata dini ambayo mzungu hayumo ndani yake, na katika taarifa yake alitaka jambo lile lipigwe mapema. Wenye mashamba walilalamika ya kuwa vibarua wamekwenda, na mapadri wa Katoliki walidai Leta ichukue hatua. Tarehe 6 juni askari walikuja kumkamata. Palikuwa na fujo, watu wakaumizwa, mali ikatekwa; Kimbangu akapita katikati yao, akatoweka.

Miezi mitatu alijificha, sana sana huko Mbanza Nsanda, na kazi ikaendelea kwa siri. Hapa ndipo tunapoona moyo wake. Nchi nzima ilikuwa tayari kumficha. Msitu ni mkubwa, na mpaka wa Angola hauko mbali. Lakini tarehe 12 septemba 1921 alirudi Nkamba mwenyewe, mbele ya watu, akajitoa. Aliwakataza wafuasi wake kurudisha ubaya kwa ubaya. Wako waliosema wakati ule, na wako wanaosema hata leo, ya kuwa afadhali angekimbia na kuokoa uhai wake. Sisi tunafikiri tofauti. Askari wangeendelea kuchoma vijiji wakimtafuta mtu mmoja, na kanisa lingekuwa jeshi la watu wa msituni. Bwana wetu alipokamatwa bustanini alimwagiza Petro arudishe upanga alani. Papa Simon alikuwa ameisoma habari hiyo, naye aliifuata.

Alifikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi huko Thysville, ambayo leo ni Mbanza-Ngungu. Yeye hakuwa askari, lakini nchi ilikuwa imewekwa chini ya amri ya kijeshi. Mkubwa wa mahakama alikuwa komanda de Rossi. Hapakuwa na wakili wa kumtetea. Tarehe 3 oktoba 1921 alihukumiwa kupigwa fimbo 120, kisha kuuawa. Wamisionari wa Kibatisti ndio walioomba ahurumiwe, na mwezi wa novemba mfalme Albert wa Kwanza wa Ubelgiji akaigeuza hukumu ya kifo kuwa kifungo cha maisha. Tunaliandika jambo la wamisionari hao kwa makusudi, maana si haki kusimulia ubaya wa wazungu na kuuficha wema wao.

Walimpeleka mbali na kwao, hata Elisabethville, ndiyo Lubumbashi. Alihubiri miezi mitano na siku chache. Alifungwa miaka 30. Juu ya miaka hiyo tunajua machache. Wasimulizi wanasema alifanya kazi jikoni mwa boloko, akawa mpole kwa wafungwa wenzake. Hakurudi tena kukaa na mke wake. Kisolokele, mtoto wa miaka saba, alichukuliwa na Leta akapelekwa shule ya Boma, mbali na mama yake. Papa Simon alikufa tarehe 12 oktoba 1951, akazikwa pale Elisabethville.

Sasa tufike kwetu.

Bula Matari alidhani kiongozi akifungwa, watu watanyamaza. Hawakunyamaza. Ndipo akaanza kuwahamisha waamini pamoja na jamaa zao, kuwapeleka katika pembe za mbali za Kongo, ambako hawakujua lugha wala watu. Kanisa linahesabu wakubwa wa familia 37,000 waliohamishwa tangu 1921 hata 1959. Wako wataalamu wanaotoa hesabu ndogo zaidi, nasi hatutaki kugombana juu ya hesabu. Hata wangekuwa elfu moja, kila mmoja aliacha shamba, kaburi la wazazi, na pengine mtoto. Wengine walipelekwa Oshwe, wengine Belingo, wengine Ekafera. Na wengine waliletwa Lowa.

Lowa ni kwetu, katika Ubundu, pale mto Lowa unapoingia katika Lualaba. Hebu tuifuate safari yao. Walipanda masuwa Léopoldville, wakaupandisha mto Kongo zaidi ya kilometa 1,700, majuma kwa majuma, hata kufika Stanleyville, kama mji wetu ulivyoitwa hata 1966. Hapa masuwa hazipiti, maporomoko yanazuia. Basi walivushwa ng'ambo ya kushoto, Lubunga, wakapandishwa gari la moshi la Ponthierville, reli ya kilometa 125 iliyoanza kufanya kazi mwaka 1906. Huko Ponthierville, yaani Ubundu, walipanda masuwa nyingine kuelekea kusini. Mtu wa Nkamba aliyeshuka Lowa alikuwa kama Myahudi aliyeshuka Babeli. Wengi wetu tumevuka kivuko cha Lubunga mara nyingi tukibeba mihogo na mkaa, na hatukufikiri ni nani waliotutangulia pale wakilindwa na askari.

Lowa ilikuwa kambi ya kilimo kwa watu ambao Leta iliwaita wa hatari. Walilima kwa kulazimishwa, walichungwa, walikatazwa kukusanyika. Wengine walikufa huko, wakazikwa katika udongo ambao baba zao hawakuujua. Lakini mtawala hakuweza kukataza mtu kuishi na mke mmoja. Hakuweza kumlazimisha anywe tombo. Hakuweza kumzuia asimwombee jirani aliye mgonjwa. Watu wa mto waliwaona wageni hawa wanaoteswa wala hawatukani, wakauliza sababu, na kwa Kiswahili chao kibovu cha kwanza wageni wakaeleza. Kuna kanisa gani la Bakongo lingekuwa na pesa ya kutuma wahubiri hata Ubundu katika miaka ile? Leta ndiyo iliyolipa nauli. Ni jambo la kuchekesha kidogo, ndugu, lakini ni lile lile la Antiokia. Aliyewatawanya waamini wa Yerusalemu hakudhani ya kuwa anapanda mbegu.

Huku nyuma Mama Muilu Marie ndiye aliyelishika kanisa. Alikuwa chini ya macho ya polisi, na bado watu walimjia usiku kuomba na kupokea shauri. Mikutano ilifanyika msituni. Watu wengine waliingia katika makanisa mengine ili wapate mahali pa kuimba bila kukamatwa. Hata Jeshi la Wokovu lilipofika Kongo katikati ya miaka ya 1930, wengi waliona herufi S juu ya kola za wazungu wale wakadhani ni S ya Simon, wakajazana kwao. Wale maofisa walishangaa sana kupata waongofu wengi namna ile.

Katika miaka ya mwisho ya ukoloni wana wa Papa Simon, Diangienda akiwa mbele, waliliongoza kanisa kutoka gizani. Waamini 600 waliweka majina yao katika barua kwa gavana mkuu, wakiomba wakamatwe wote kama kuomba ni kosa. Leta haikuwakamata. Mama Muilu alilala tarehe 27 aprili 1959. Tarehe 24 desemba mwaka ule ule kanisa likapata ruhusa ya Serikali. Hakuiona, kama Musa asivyoingia Kanaani. Mwezi wa aprili 1960 mwili wa Papa Simon ulitolewa Elisabethville ukarudishwa Nkamba, miezi mitatu kabla ya uhuru wa Kongo. Waliohamishwa wakafunguliwa. Wengi walirudi Bas-Congo. Wako waliobaki katika nchi za uhamisho, wakazeeka huko pamoja na wake na watoto wao. Mwaka 1969 kanisa lilipokelewa katika Baraza la Makanisa Ulimwenguni, na aprili 1971, miaka 50 baada ya Nkiantondo kupona, waamini walishiriki meza ya Bwana mara ya kwanza huko Nkamba. Miaka 50 kanisa halikuwa na haraka hata ya meza. Tuliposema hapo juu ya kuwa mpango ulikuja nyuma ya Roho, ndiyo maana yake.

Kuhusu ile hukumu ya Thysville, ilifutwa na Mahakama Kuu ya Kijeshi ya Kongo mwaka 2011, miaka 90 baada ya komanda de Rossi kuisoma.

Lakini watu wa Lowa hawana hukumu ya kufutwa. Hawakusimama mbele ya mahakama yoyote. Walihamishwa kwa karatasi ya mtawala tu, sahihi moja, na jamaa nzima ikapanda masuwa. Kwa sababu hiyo majina yao hayasomwi katika sherehe. Tunawaomba papa na mama wazee wa Lubunga, wa Ubundu, na wa kando ya mto kuelekea Lowa, na wote wenye kukumbuka babu au bibi aliyeletwa huku kwa ajili ya imani: leteni jina lake, na jina la kijiji alichotoka kama linajulikana, kwa katibu wa paruwasi yenu. Yataandikwa katika buku moja na kusomwa hapa Kisangani tarehe 12 oktoba, siku ya kumkumbuka Papa Simon.